Nzoia ikifurika, mtazame samaki mdomo kabla ya kununua ndoana

MVUA ya vuli ilikuwa imekawia mwaka huo, na ilipokuja ilikuja kwa hasira. Nilishuka basi mjini Bungoma nikiwa na mkoba mrefu begani, na watu wawili wakaniuliza kama nilikuwa mpiga gitaa. Ndani ya mkoba mlikuwa na ufito wa kuvulia, gurudumu la mshipi na vijiko vitatu vya madini vilivyong'aa kama vioo. Nilikuwa nimevinunua Nairobi kwa fedha ambazo sitaki kuzitaja, maana huenda mke wangu akasoma ukurasa huu.

Vijiko hivyo si vya kulia chakula. Ni chambo bandia. Huning'inizwa mwisho wa mshipi na kukokotwa majini, vikizunguka na kumetameta hadi samaki mla wenzake adhani ni dagaa aliyejeruhiwa. Nilikuwa nimesoma jinsi Wamarekani na Wakanada wanavyowavua samoni mitoni kwa vijiko kama hivyo, hata mwishoni mwa msimu, wakati samaki wa mwisho mwisho wanapopanda kutoka baharini. Nikajiambia kwamba hata sisi tuna mto wetu, tena una samaki wanaopanda mvua ikinyesha. Kwa nini nisijaribu?

Mjomba wangu anaishi karibu na mto Nzoia, upande wa chini wa Webuye. Alinipokea kwa furaha.

"Mulembe, mwana wa dada!"

"Mulembe muno, mjomba. Nimekuja kuvua."

Akakichukua kijiko kimoja, akakigeuza geuza mkononi, akakiinua juani.

"Hiki ni kizuri," akasema. "Samaki unayemtafuta anakula nini?"

Nilinyamaza. Nilijua bei ya kijiko, rangi yake na uzito wake. Swali hilo la mtoto wa shule sikuwa na jibu lake.

Mgeni wa ng'ambo na mwenyeji wa Nzoia

Msomaji, tuanze na samoni, kwa sababu yeye ndiye aliyenipoteza njia. Samoni wa bahari ya Pasifiki huzaliwa mtoni, akashuka baharini kukulia huko, kisha akarudi mtoni kutaga mayai. Akishaingia katika maji baridi huacha kula. Hupanda kwa kutumia mafuta ya mwili wake, hutaga, na baada ya hapo hufa. Wale wanaochelewa huwa wamegeuka rangi na kuchoka. Mvuvi hawapati kwa sababu wana njaa. Huwapata kwa kuwachokoza. Kijiko kikipita mbele ya pua ya samoni tena na tena, hukiuma kwa ghadhabu. Ndiyo maana wavuvi wa huko hukokota chambo polepole nyuma ya mashua. Watu wa pwani yetu huuita uvuvi wa namna hiyo kurambaza.

Samaki wetu mashuhuri wa kupanda mto ni ningu. Wataalamu wanamwita Labeo victorianus, jina alilopewa mwaka 1901. Hapatikani kokote duniani isipokuwa katika Ziwa Viktoria na mito inayohusiana nalo. Si mkubwa: akikua sana hufikia sentimita 40 hivi. Mvua inapoanza na mito kujaa, ningu wa ziwani hukusanyika kwenye midomo ya mito, kisha hupanda kwa makundi. Huingia vijito na mabonde yaliyofurika, na huko hutaga. Vifaranga hukulia katika nyasi za maji na baadaye hushuka ziwani.

Hapo ndipo samoni na ningu wanapofanana. Lakini wanatofautiana kwa mambo mawili makubwa.

La kwanza ni mdomo. Mdomo wa ningu uko chini ya kichwa, umeelekea matopeni, na una midomo minene ya kukwangua. Kazi yake ni kulamba uvugo wa mawe na mabaki laini ya mimea yaliyotulia chini. Samaki wa namna hiyo hana haja na kitu kinachokimbia. Ukimpitishia kijiko kinachomeremeta, ni kama kumwonyesha ng'ombe sahani ya nyama.

La pili ni kwamba ningu hafi baada ya kutaga. Hugeuka akarudi ziwani, na akisalimika anaweza kupanda tena msimu mwingine. Kwa hivyo kila ningu aliyepona ana safari nyingine mbele yake.

Siku mbili za aibu

Sikumsikia mjomba. Siku ya kwanza nilirusha kijiko tangu alfajiri hadi jua likawa utosini. Maji yalikuwa mekundu kama chai ya maziwa iliyozidi majani, yakibeba vijiti, mabua ya mahindi na povu. Kijiko cha kwanza kilinasa kwenye gogo, na nikakata mshipi. Siku ya pili niliomba mtumbwi ili nirambaze kama Wamarekani. Mwenye mtumbwi alinitazama kwa huruma, akanionyesha mawe yaliyochomoza na mahali maji yanapojipinda kwa nguvu. Mto huo katika furiko si mahali pa kurambaza. Ni mahali pa kuzama.

Nilirudi nyumbani mikono mitupu, na mke wa mjomba akanipakulia mrenda na ugali bila kuniuliza neno. Binamu yangu, kitinda mimba wa nyumba ile aliye gredi ya sita, ndiye aliyeuliza.

"Kaka, samaki wa Nairobi ndio hula vijiko?"

Wakubwa waliangalia sahani zao ili wasicheke.

Jioni hiyo mjomba alianza kunifundisha. Ana mambo mawili tu ya kumwambia mvuvi anayechagua vifaa. La kwanza: tazama mdomo wa samaki. La pili: tazama anakoelekea. Alisema kwamba babu yake mzaa baba alikuwa akiwaambia watoto kuwa samaki anayepanda ni mbegu, na anayeshuka ni chakula. Mtu mwenye akili hali mbegu zake.

Ndoana ya mnyoo

Siku ya tatu mvua ilipumzika na maji yakaanza kupungua. Mjomba alinipeleka mahali ambapo kijito kinaingia mtoni, maji yenye matope yakigusana na maji yaliyotulia nyuma ya jiwe. Alinifungia ndoana ndogo, chubwi ya risasi yenye uzito wa kuituliza chini, na hakunifungia kiboya. Chambo kilikuwa mnyoo mnono kutoka shimo la mbolea ya ng'ombe.

Samaki tuliyemtafuta hapo si ningu. Ni yule ambaye Waluo humwita fwani, samaki mwenye magamba makubwa na ndevu nne fupi mdomoni. Naye hupanda mto wakati wa mvua, lakini mdomo wake ni tofauti kabisa. Hula karibu kila kitu: wadudu, konokono, mbegu, minyoo, hata tonge la ugali. Hunusa na kupapasa kwa ndevu zake, kwa hiyo maji machafu hayamzuii. Akiwa mkubwa anaweza kupita kilo kadhaa, na nguvu zake mtoni si za mzaha.

Nusu saa haikupita. Mshipi ulitikisika mara mbili, kisha ukaondoka. Sitakupa hadithi ndefu ya mvuvi. Inatosha kusema kwamba nilivua viatu, nikaingia maji hadi magotini licha ya kukatazwa, na hatimaye tukamlaza samaki kwenye nyasi. Alikuwa kama mkono wangu kutoka kiwiko hadi vidole, rangi ya dhahabu iliyochakaa. Binamu alipiga mbinja.

Mjomba akapiga magoti, akapitisha kidole gumba taratibu tumboni. Mayai machache yalitoka, madogo kama mbegu za mtama.

"Mwana wa dada," akasema, "huyu anapanda."

"Baba, hatutamla?" binamu akauliza. Macho yake yalikuwa yamekwisha kumkaanga.

"Ndoana ni ya kaka yako. Aseme yeye."

Nakiri kwamba sikutaka kumwachilia. Nilikuwa nimesafiri usiku kucha, nimepoteza kijiko, na nimechekwa na mtoto. Pia nilijua kwamba nyumbani hakukuwa na nyama. Mtu wa mjini anapenda kuhubiri hifadhi ya mazingira akiwa ameshiba. Nilimtazama yule samaki akipanua na kufunga mashavu yake, nikahesabu mayai yale kichwani hadi nikashindwa. Nikamrudisha majini, nikamshikilia akielekea juu hadi akapata pumzi. Aliondoka bila kuaga.

Usiku huo tulikula tena mrenda.

Walikokwenda ningu

Nilimwuliza mjomba mbona hatukuwatafuta ningu, samaki niliowafuata tangu Nairobi. Alinijibu kwamba kwa miaka mingi sasa hajawaona sehemu hiyo ya mto. Katika utoto wake walisikika kabla ya kuonekana, maana mkia mingi pamoja hupiga maji kama mvua.

Habari hii si ya mjomba peke yake. Zamani uvuvi wa ningu ulikuwa kazi kubwa katika mito ya Nyanza na magharibi mwa Kenya. Wenyeji walijenga nyua za miti na matete kuvuka maji, wakaacha mianya na kuitegea migono, yaani vikapu virefu ambavyo samaki huingia lakini hawezi kutoka. Baadhi ya mitego iliwangoja samaki maji yanapopungua, wakiteremka kutoka kwenye mabonde.

Nyavu za jarife, zile zinazomnasa samaki kwenye mashavu, ziliingia Ziwa Viktoria mwaka 1905. Zilikuwa na faida: mtu mmoja aliweza kupata kwa usiku mmoja kiasi ambacho uzio ulikipata kwa siku nyingi. Lakini zilipotandazwa kwenye midomo ya mito wakati wa mvua, ziliwakuta ningu wote wamekusanyika mahali pamoja, matumbo yamejaa mayai. Ilikuwa kama mwizi kungoja mlango wa ghala siku ya kupanda. Mtego wa panya, wahenga walisema, huingia waliokuwemo na wasiokuwemo.

Mwaka 1959 mtaalamu P. J. P. Whitehead alichapisha maelezo juu ya uvuvi wa mito ya Nyanza. Miaka sita baadaye, mwaka 1965, D. A. Cadwalladr aliandika kuhusu kudidimia kwa uvuvi wa ningu, na jinsi mbinu za asili za mto Nzoia zilivyokuwa zikififia pamoja nao. Hilo la pili ndilo lililonigusa. Samaki walipopungua, mafundi wa kusuka migono nao walipungua. Na mafundi walipoondoka, waliondoka na maarifa ya kumngoja samaki ashuke.

Mbuta, aliyeletwa katika ziwa hilo miaka ya 1950 na 1960, aliwaongezea samaki wa asili adui mwingine. Kisha yakaja mengine: udongo unaosombwa kutoka mashamba yaliyolimwa hadi ukingoni, maji taka, na vinamasi vilivyokaushwa ambavyo zamani vilikuwa vitalu vya vifaranga. Leo ningu anahesabiwa miongoni mwa samaki walio katika hatari ya kutoweka.

Hata hivyo matumaini yapo. Nchini Uganda, Justus Rutaisire na mwenzake walionyesha mwaka 2004 kwamba ningu anaweza kutagishwa na kuanguliwa akiwa amefugwa. Hapa Kenya, watafiti wa taasisi ya KMFRI nao wamefanya kazi ya kumzalisha katika kituo chao cha Kegati, Kisii. Kidimbwi kinaweza kutupa vifaranga. Hakiwezi kutupa mto.

Vifaa vya mvuvi wa familia

Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima. Katika uvuvi ni kinyume: asiyechagua ndoana si mvuvi. Ikiwa familia yako inapanga kwenda Bungoma au Kitale likizo hii, haya ndiyo niliyojifunza kwa gharama yangu.

Kwa fwani na kambare katika mito ya tambarare, usibebe vijiko. Ufito imara, mshipi wa kuhimili kilo tano au sita, ndoana ndogo kiasi, na chubwi za uzito mbalimbali vinatosha. Kumbuka kwamba katika ndoana namba kubwa ni ndoana ndogo. Wengi hukosea hapo dukani. Maji yakiwa machafu tumia chambo chenye harufu, kama mnyoo au ugali uliokandwa. Maji yakitakata tumia mshipi mwembamba zaidi na usisimame pale kivuli chako kinapoangukia majini.

Bapa jino la ndoana kwa koleo. Kila ndoana ina kijino kidogo cha nyuma kinachomzuia samaki kuchomoka. Ukikibapa, utapoteza samaki mmoja mmoja, lakini utaweza kumwachilia mwenye mayai bila kumrarua. Pia utaweza kuitoa kwenye kidole cha mtoto bila kumpeleka hospitali.

Ukitaka kurambaza na vijiko vyako, nenda ziwani. Huko kwenye visiwa vya Rusinga na Mfangano, wageni huvua mbuta kwa kukokota chambo bandia nyuma ya mashua. Mbuta ni mla samaki wenzake, mdomo wake ni mpana, na kijiko kwake kina maana.

Na kama moyo wako umeshikilia samoni, mwendee binamu yake. Trauti ni wa ukoo mmoja na samoni. Mayai yake yaliletwa Kenya mwaka 1905 na Ewart Grogan, na vifaranga vikatiwa katika mto Gura, nyanda za Aberdare. Baadaye trauti walisambazwa katika mito mingine ya milimani, ukiwemo Suam unaotoka Mlima Elgon, si mbali na Kitale. Hao huvuliwa kwa nzi bandia, yaani ndoana ndogo iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Tena wanahitaji maji baridi yaliyo safi, kwa hiyo usiwatafute kwenye matope ya Nzoia ya chini.

Kabla ya kutia ndoana majini popote, uliza ofisi ya uvuvi ya kaunti kuhusu leseni. Ndani ya mbuga ya Mlima Elgon, waulize Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Sheria ya uvuvi ya mwaka 2016 inakataza sumu, baruti na umeme, na hakuna mtoto anayepaswa kufundishwa hayo hata kwa mzaha.

Mwisho ni usalama. Usifanye kama mimi nilivyofanya. Mto uliofurika hauonyeshi shimo wala kasi yake, na ukingo uliolowa hubomoka bila kutoa taarifa. Mtoto asikae mbali na mkono wa mtu mzima. Mvua ikinyesha milimani Cherangani au Elgon, maji yanaweza kupanda huku ulipo jua likiwaka.

Zawadi ya kuaga

Siku moja kabla ya kuondoka, maji yalikuwa yameshuka na kuacha mstari wa takataka kwenye nyasi. Tulirudi pale pale penye jiwe. Nilipata kambare mmoja wa kadiri, na jioni binamu akapata fwani mwembamba, tumbo limebonyea. Mjomba alimpapasa kama daktari.

"Huyu amekwisha maliza kazi," akasema. "Anashuka."

Mke wa mjomba aliwapika wote wawili kwa nyanya na kitunguu, na binamu akapewa kichwa kwa kuwa ndiye aliyevua. Aliniuliza kama yule wa juzi naye sasa alikuwa amekwisha kutaga. Nilimwambia sijui, lakini kwamba alikuwa na nafasi.

Asubuhi, nilipokuwa nikifunga mkoba, niliona vijiko vyangu viwili vilivyosalia havimo. Nilivikuta shambani. Binamu alikuwa amevitundika kwenye kamba juu ya mtama wa mama yake, vikizunguka na kumetameta kwa upepo, na ndege wote walikuwa wamehamia kwa jirani.